Kilabu cha Dada Kilipofunguliwa Tena

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, gari la wilaya lilisimama katikati ya senta yetu ya Nyakisasa, na bwana afya akapanda nyuma yake akiwa na kipaza sauti mkononi. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika saa ya mkononi ya mteja, nimeiweka sikioni nisikie kama inakwenda. Kazi yangu ilikuwa ufundi redio. Saa nilizitengeneza pale tu mtu alipokosa mahali pengine pa kuzipeleka.

Bwana afya alisoma tangazo polepole kama mwalimu anayesoma imla. Vilabu vya pombe na migahawa, vilivyofungwa kwa ajili ya kipindupindu, vingeweza kufunguliwa kuanzia Jumanne iliyofuata. Kulikuwa na masharti. Kila mwenye biashara awe na choo chenye mlango na chokaa. Maji yote yachemshwe, hata yale ya kupikia pombe. Kila mnywaji awe na kikombe chake. Ni marufuku kunywa kwa mirija katika mtungi mmoja, na ni marufuku watu kupokezana kikombe. Atakayevunja sharti atalipa faini papo hapo, na mwenye kilabu ndiye atakayeulizwa, siyo mteja.

Dada yangu alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia mihogo. Alikuja na jembe begani, akasimama kando yangu mpaka gari likaondoka. Nilitegemea afurahi. Akaniuliza kama nimesikia vizuri kuhusu mirija. Nikamwambia nimesikia.

"Basi watakunywa kama wanafunzi wanaogawiwa uji," akasema, akarudi shambani.

Kilabu kilikuwa chake. Mumewe alipofariki, kabla ya wakimbizi kuja kutoka Rwanda, alirudi kwetu kutoka Nemba, Biharamulo, akajenga banda la miti na nyasi kando ya barabara na kuanza kuuza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilipewa sehemu chini ya paa, upande wa mbele, nikaweka meza yangu ya redio. Niliishia darasa la saba. Ufundi niliusoma kwenye kitabu kimoja chenye michoro nilichokipata sokoni kikiwa hakina jalada, na kingine nilichoazimwa na padri nikakirudisha baada ya kukinakili chote. Nalieleza hili ili ieleweke nilikuwa wapi: kila siku ya kazi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mtungi wa dada yangu, na sikuwa mnywaji.

Miaka ile wilaya ilikuwa imejaa. Kutoka mezani kwangu ungeweza kuona kilima cha kambi, maturubai ya bluu kutoka chini hadi juu, na moshi uliokaa juu yake tangu asubuhi. Malori ya chakula cha msaada yalipita mchana kutwa. Mkungu wa ndizi uliokuwa ukiuzwa kwa bei ya kawaida ulikuwa umepanda mara tatu, na redio zangu zilikuwa hazimaliziki, kwa sababu kila mtu, mwenyeji na mgeni, alitaka kusikia habari za ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Halafu kukaja kipindupindu. Kilianza kambini, au ndivyo tulivyopenda kusema. Baadaye kikawa kila mahali.

Kuna jambo moja la siku ya mwisho kabla ya kufungwa ambalo lazima nilieleze hapa, la sivyo mengine hayataeleweka. Siku ile kilabu kilikuwa kimejaa. Mtungi ulikuwa katikati, mirija imesimama ndani yake, watu wameuzunguka kwenye viti vifupi. Miongoni mwao alikuwepo mzee mmoja jirani yetu na mke wake. Mzee huyu alikuja kutoka Rwanda akiwa kijana, katika wimbi la zamani, akapewa shamba, akazaa hapa, akazeeka hapa. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwita mkimbizi. Kambi ilipojaa, jina hilo likamrudia, hata kwa watu waliozaliwa yeye akiwa tayari na mibuni inayozaa. Alikuwa na nafasi yake kilabuni, karibu na nguzo ya kati, na watu walikuwa na desturi ya kumsubiri aketi ndipo mirija itiwe mtungini.

Siku mbili baada ya mtungi ule, watatu kati ya waliokunywa waliugua. Mzee alikuwa mmoja wao, akapona. Mke wake alipelekwa kwenye hema la matibabu na hakurudi.

Waliougua wengine hawakuwa wamekanyaga kilabuni. Na waliokunywa wengine hawakuugua kabisa. Hayo nilikuwa nikiyarudia kichwani kila nilipokuwa nachomea waya, na kila mara hesabu ilinirudisha palepale. Lakini senta ilikuwa imemaliza hesabu yake. Hakuna aliyemwambia dada yangu usoni. Walisema tu "mtungi wa mwisho", na ukisikia mtu akisema hivyo, ulijua ni mtungi gani.

Mama yule alizikwa na watu wa hema, waliovaa buti na kubeba mabomba ya dawa mgongoni. Sisi tulisimama mbali, ng'ambo ya uzio wa kamba. Hapakuwa na matanga, kwa sababu mikusanyiko ilikatazwa. Hapakuwa na kumaliza msiba pia. Kwetu, watu wa Ngara, na kwa watu wa asili ya Rwanda na Burundi vilevile, msiba una mwisho wake. Siku inafika majirani wanakaa, pombe inaletwa, aliyeileta anaonja wa kwanza, anampa mfiwa, mfiwa anampa anayefuata, chombo kile kile, mpaka kizunguke. Baada ya hapo mfiwa ananyoa, anakwenda kwa watu, anacheka kama ana la kumchekesha. Mzee wetu hakupata siku hiyo. Alikaa miezi yote ile bila kunyoa. Ndevu zake zilikuwa nyeupe na zilimfika kifuani, na alipopita barabarani akienda kuchukua dawa ya maji, watu walitazama pembeni.

Jumatano ile dada alianza kazi. Alinunua mikungu kwa bei ile mbaya, akatoa karibu pesa yote aliyokuwa nayo. Najua hivyo kwa sababu alikuwa akiihifadhi kwangu, ndani ya boksi la redio lisilo na mashine. Shemeji yake wa Nemba, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili: kama biashara imekufa, arudi, kuna shamba la kulima, na kuna nyumba. Nyumba aliyoitaja ilikuwa yake yeye shemeji, na alikuwa na mke mmoja tayari. Dada hakuwahi kujibu. Aliniambia tu kwamba pombe hii ikikataa, atajibu.

Ndizi zilivundikwa shimoni, zikaiva. Jumapili alizikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Maji hakuyachota mtoni kama zamani. Alikwenda chemchemi ya juu, mwendo mrefu, akayachemsha kwenye pipa lililokatwa, akayaacha yapoe. Nilimsaidia kuni. Alipokuwa akikamua, mikono imezama hadi kwenye viwiko, aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Wewe unayesoma. Unadhani ulikuwa mtungi wangu?"

Nikamweleza nilichosoma kwenye karatasi za afya, kwamba vijidudu hukaa kwenye maji, kwamba mtu anaweza kuugua ndani ya saa chache au baada ya siku tano, kwamba kwa hiyo si rahisi kujua ni maji yapi.

"Sikukuuliza karatasi inasemaje."

Akanyunyiza mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya mgomba, akaosha mikono.

Jumanne tulikuwa tayari mapema mno. Choo kilikuwa na mlango wa bati na chokaa mpaka juu ya kizingiti. Vikombe vya plastiki, vyekundu na vya kijani, vilipangwa kichwa chini juu ya kichanja. Mirija ilikuwa imefungwa kamba na kuchomekwa darini. Bwana afya alikuja, akachungulia choo, akanusa maji, akaandika, akasema fungueni, akaenda zake. Mimi nilikuwa na redio mbili za kumalizia lakini sikuweza kukaa. Niliinuka kupangusa benchi ambalo lilikuwa kavu. Nilikwenda barabarani kuangalia kama kuna watu wanakuja, nikarudi, nikavipanga vikombe upya kwa rangi.

"Kaa chini," dada akaniambia. "Unanitia kizunguzungu."

Jirani yetu wa upande wa pili, Mwislamu wa Biharamulo ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakulima huko, alifungua mgahawa wake saa hiyo hiyo. Ndani ya muda mfupi ulijaa. Madereva wa malori hawakujua habari za senta yetu wala hawakuhitaji kuzijua. Waliona chapati, wakashuka. Watu wetu nao waliingia, kwanza mmoja mmoja, wakinawa mikono kwa muda mrefu kwenye ndoo yenye bomba kana kwamba wanafanya mtihani, kisha wakakaa na kucheka kwa sauti. Mtu mmoja aliagiza chai, akaikodolea macho mpaka ikapoa, halafu akainywa yote kwa mara moja akifumba macho. Wenzake wakampigia makofi.

Kwetu walikuja mpaka mlangoni. Walisalimia, walisifu choo. Walikaa kwenye benchi la nje, ambalo ni la kusubiria redio, si la kunywea. Dada aliwamiminia vikombe, akavipanga mezani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Lazima nieleze pia desturi ya kuonja, kwa sababu ndiyo iliyotukwamisha. Muuza pombe huku kwetu huonja kwanza kutoka kwenye chombo cha mteja, mbele ya macho yake. Ni kumhakikishia kwamba hakuna sumu. Hakuna anayekufikiria vibaya kwa kuomba uonje, ni kama kuomba chenji. Na miaka ile, watu wasiofahamiana walipokuwa wengi, desturi hiyo ilikuwa imekazwa zaidi. Sasa bwana afya alikuwa amekataza mdomo wa mtu kugusa kikombe cha mwenzake.

Mkulima mmoja, mtu wa maneno mengi, ndiye aliyeanza.

"Mama, umeonja?"

Dada akamimina kwenye kikombe chake, akanywa chote, akakigeuza waone.

"Hicho ni chako. Onja changu."

"Bwana afya amekataza."

"Basi yeye aje anionjee."

Walicheka. Dada akasema yuko tayari kuonja vikombe vyote kama watamvumilia akianza kuimba kabla ya adhuhuri. Wakacheka tena, na kwa dakika moja nilidhani mambo yamenyooka. Halafu mkulima yule akasema, bila kicheko sasa, kwamba hata dada akionja, yeye hatajua ni lipi la kuogopa, kuonjewa au kutoonjewa. Akasimama, akavuka barabara kwenda kunywa chai. Wengine wakamfuata. Alichokuwa amesema kilikuwa kweli kabisa na ndiyo maana kiliniudhi. Asipoonja, walihofia sumu. Akionja, walihofia mdomo wake. Na nyuma ya hofu zote mbili kulikuwa na mtungi wa mwisho, ambao hakuna aliyeutaja.

Jioni mwenye mgahawa alikuja kututembelea akiwa na chapati mbili ndani ya gazeti.

"Shemeji," alimwita dada hivyo kwa utani, siku zote, "leo senta nzima imekuwa masheikh. Wanakunywa chai tu. Nikiwaambia nitafungua msikiti watachanga."

Dada alicheka. Alikula chapati moja, nyingine akanipa mimi. Mwenye mgahawa aliangalia mitungi mitatu iliyofunikwa, akaacha utani, akaniuliza kwa sauti ya chini inakaa siku ngapi. Nikamwambia siku ya tatu inaanza kuchachuka, siku ya nne ni siki.

Jumatano waliingia wapita njia wachache, wafanyakazi wa kambini na dereva mmoja aliyetokea Rusumo, wakanywa vikombe vyao na kwenda. Mtu wa senta hakuna. Niliharibu redio nzima siku ile kwa kuunganisha waya mahali pasipo pake, jambo ambalo halikuwahi kunitokea, na ikanibidi nimwambie mwenyewe arudi wiki ijayo. Kila sauti ya miguu nje ilinifanya niinue kichwa. Dada hakuinua kichwa hata mara moja. Alikaa karibu na mtungi akisuka mkeka, na mkeka ule ulikuwa unakwenda mbio.

Alhamisi asubuhi alifunua mtungi wa kwanza, akanusa, akaumwaga kwenye migomba. Wa pili akauonja, kisha akaumwaga vilevile. Ukabaki mmoja, uliokuwa mahali penye baridi zaidi. Akaniambia nikimaliza kazi nimwandikie barua ya Nemba.

Nilikuwa natafuta karatasi safi nilipomwona mzee. Alikuwa anakuja kwa njia ya katikati ya mashamba, na fimbo yake, na ndevu zake. Nyuma yake, mbali kidogo, walikuja watu wanne wa senta, mkulima wa maneno mengi akiwa mmojawapo. Sijui walijuaje. Kwenye mgahawa watu waliacha kuongea, na mwenye mgahawa akatoka nje akiwa na mwiko mkononi.

Bwana afya alikuwepo pia, lakini nyuma, chooni, akikagua kama chokaa haijaisha. Alikuwa amekuja kwa baiskeli muda mfupi kabla.

Nikamwamkia mzee. "Shikamoo."

"Marahaba, fundi." Akaingia ndani. Hakwenda kwenye nguzo yake. Alisimama mbele ya dada yangu, na dada akasimama naye, akamwamkia kwa kupiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Kabla sijakaa, uniambie jambo moja. Maji ya mtungi ule uliyachota wapi?"

Dada angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kusema chemchemi. Nilitamani aseme chemchemi, nasema wazi, na nilikuwa nimesimama na waya mkononi nikimtazama mdomoni.

"Mtoni, mzee. Chini ya daraja. Sikuyachemsha."

Mzee aliinamisha kichwa. Watu wanne walikuwa wamefika mlangoni na hawakuingia. Nilisikia sauti ya chuma kwenye mlango wa choo, na lori likipunguza mwendo barabarani kisha likiongeza tena.

"Siku ile ile," mzee akasema, "asubuhi yake, nilimtuma mama wa watoto akachote maji ya nyumbani. Alichota chini ya daraja. Mimi ndiye niliyemtuma pale, kwa kuwa ni karibu."

"Kwa hiyo sijui," mzee akasema.

"Na mimi sijui, mzee."

"Haya. Mimina."

Alimimina kwenye kikombe cha kijani, akakishika kwa mikono miwili. Nadhani dada alifikiri mzee atakitaka hivyohivyo, kwa sheria mpya, bila kuonjwa. Mzee hakunyoosha mkono.

"Onja."

Dada alitazama upande wa chooni. Kisha akanywa mafunda mawili, akafuta mdomo, akampa. Watu wa kwetu wakipewa kikombe kilichoonjwa hukizungusha kidogo watafute upande mkavu, hata kabla ya kipindupindu walikuwa wakifanya hivyo. Mzee hakukizungusha. Alinywea palepale alipogusa dada. Kisha akamgeukia mkulima wa maneno mengi aliyekuwa mlangoni, akamnyooshea.

Mkulima alikipokea. Akanywa, akampa wa nyuma yake. Kikombe kilipotea nje, nikaona mkono wa mwenye mgahawa ukikipokea, na yeye si mnywaji kwa dini yake. Alikishika tu kwa heshima akampa anayefuata, na hakuna aliyesema lolote juu ya hilo. Kiliporudi ndani kilikuwa kitupu. Mzee akakaa kwenye nguzo yake.

Wakati huo bwana afya alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Sijui alikuwa ameona kiasi gani, lakini alikuwa ameona cha kutosha. Alikuwa kijana mwenye adabu, mgeni wa mkoa, na sikuwahi kumsikia akipiga kelele. Aliuliza ni nani mwenye kikombe kile. Mzee akasema ni chake, ni cha msiba wa mke wake, na kama kuna faini atalipa yeye.

"Hapana," dada yangu akasema. "Msiba ni wako, mzee. Kilabu ni changu."

Bwana afya alimpa mzee pole. Alisema kwao pia msiba una kikombe chake, na kwamba anajua mzee alikuwa akifanya nini. Halafu akatoa kitabu cha stakabadhi kwenye mfuko wa shati, kwa sababu, alisema, akiliacha hili leo kesho hatakuwa na la kuwaambia watu wa senta nyingine. Aliandika shilingi elfu tano. Dada akaja mezani kwangu, akafungua boksi la redio, akatoa, akahesabu mbele yake. Bwana afya alipoondoka alimwambia awape wateja vikombe vyao, mmoja mmoja, na dada akawapa, na mtungi wa tatu ukaisha kabla ya jua kufika juu ya mwamba wa magharibi. Kila mtu alikunywa kwenye kikombe chake. Hakuna aliyeomba aonjewe.

Mzee alinyoa ndevu Ijumaa. Nilimwona Jumamosi akipita, uso mdogo kuliko nilivyoukumbuka, na nilichelewa kumsalimia kwa sababu sikumtambua mara moja.

Mimi nilihesabu siku tano. Karatasi ilisema siku tano, na kila asubuhi niliamka kabla ya jogoo nikisikiliza kama kuna mtu anayeita, kama kuna mlango unaofunguliwa kwa haraka upande wa mzee au wa mkulima. Mchana nilipita mbele ya nyumba zao bila sababu, nikiuliza kama redio inashika vizuri. Mkulima alichoka nami, akaniambia redio yake inashika vizuri kuliko mimi. Siku ya tano ikapita. Ya sita niliihesabu tu kwa mazoea. Hakuna aliyeugua.

Barua ya Nemba sikuiandika. Dada hakuikumbusha, na siku ya soko alinunua mikungu mingine kwa mkopo kutoka kwa mkulima wa maneno mengi, ambaye alimpunguzia bei na kumdai kikombe cha kwanza cha kila mtungi, kilichoonjwa, bila bwana afya kujua. Dada alimwambia ajaribu bahati yake kwenye mgahawa.

Nilipiga hesabu ya ufunguzi ule jioni ya siku ya soko, kwa sababu pesa ilikuwa kwenye boksi langu na ilinipasa kumweleza. Nilijumlisha ndizi, mtama, kuni, bati la choo, vikombe na faini, nikatoa mauzo ya siku zote tatu, nikamsomea jumla. Aliniambia nirudie, nikarudia. Hasara ilikuwa shilingi elfu nane, mia sita na hamsini.